Injini Inanguruma, Moto Hautoki

Hotuba kwa mafundi wa kuchomelea na mafundi wa majenereta

Ndugu mwenyekiti, shikamooni wazee wangu wa kazi. Mafundi wenzangu, nanyi vijana mnaojifunza: asalamu alaikum, tumsifu Yesu Kristo, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie ugonjwa mmoja tu. Mashine ya kuchomelea ya injini inawaka vizuri, inanguruma, haina moshi, haina kelele ngeni. Unagusisha elektrodi, au rodi kama wengi tunavyoita, na hakuna kitu. Au inatoa cheche moja ya manjano, rodi inaganda kwenye chuma, basi.

Kuna jambo linaloniuma katika ugonjwa huu, na nitalisema mapema. Rota, yaani sehemu ya jenereta inayozunguka, isiyo na kosa lolote, inang'olewa, inakatwa koili zake na kusukwa upya kwa gharama kubwa, kumbe kilichokufa ni kaboni, kile kipande kinachoipelekea rota umeme, iliyoganda kwenye kikombe chake, au daraja la daiodi, kifaa cha kugeuza AC kuwa DC, dogo kuliko kiberiti. Mteja analipa, mashine inarudi, na bado haichomi. Fundi hakukosa ufundi, alikosa kipimo. Kwa hiyo leo tutaigawa mashine vipande kwa mita, na kila kipimo kitatuambia upande gani tuuache na upande gani tuufuate. Spana itakuja baadaye.

Mfano wetu ni mashine hii iliyo mezani: petroli, silinda moja, injini ya sentimita za ujazo 389, kibandiko kinasema ampea 190, ina soketi ya volti 230 ya AC, umeme unaogeuka-geuka mwelekeo, na inachomelea kwa DC, umeme wa mwelekeo mmoja. Ndiyo iliyojaa kwenye gereji zetu na kwenye maeneo ya ujenzi ambako nguzo za umeme hazijafika. Mashine kubwa za dizeli zina mambo yake, lakini mantiki ni hiyohiyo.

Anza na sikio. Washa injini, iache ipashe moto kama dakika tatu, halafu gusisha rodi kwenye chuma huku ukisikiliza. Kuna sauti tatu. Ya kwanza: injini haibadiliki hata kidogo, kana kwamba hukugusa kitu. Hapo hakuna mzigo ulioifikia. Ama umeme hauzalishwi, ama unazalishwa na njia imekatika. Ya pili: injini inalemewa, sauti inashuka, inakaribia kuzima, na rodi inaganda. Hapo umeme upo, mwenye matatizo ni injini, au umeweka ampea zisizolingana na nguvu yake. Ya tatu ni ya hatari: injini imelemewa hata kabla hujagusa kitu, inavuma kama inayopanda mlima, na baada ya dakika moja unasikia harufu ya vanishi. Zima mara moja. Kuna shoti ndani, na mara nyingi ni daiodi ya upande wa kuchomelea. Kila sekunde unayoendelea kuiacha inazunguka unaichoma stata, yaani koili zisizozunguka.

Baada ya sikio, macho. Mashine nyingi zina swichi ya kuchagua kati ya kurekebisha ampea kwenye paneli na kurekebisha kwa rimoti. Mtu akiigusa ikaenda upande wa rimoti, na rimoti haijachomekwa, moto unashuka mpaka chini kabisa au unakata. Angalia pia swichi ya aina ya kazi. Ikiwa imewekwa upande wa kuchomelea kwa waya badala ya rodi, rodi hazitawaka inavyopaswa. Na kama ina mfumo wa kushusha injini yenyewe wakati hakuna kazi, iweke kwenye mwendo wa juu wa kudumu. Ikichomelea hapo, ugonjwa umeupata: kihisi cha mkondo hakiiambii injini ipande, au ile sumaku inayovuta mkono wa kabureta haifanyi kazi. Jenereta yenyewe ni nzima. Mambo haya matatu yanachukua dakika mbili, na ninasikitika kusema mashine zimefunguliwa kwa sababu ya hilo la kwanza.

Sasa mita. Zima injini, vua nyaya zote mbili kwenye temino za mashine, washa tena, mwendo wa juu, kitasa cha ampea mpaka mwisho. Mita kwenye volti za DC, ncha moja temino ya chanya, nyingine ya hasi. Mashine nyingi za rodi zitakupa kati ya volti 60 na 80. Ukipata namba hiyo, mashine imetimiza wajibu wake mpaka hapo na hutaifungua. Rudisha nyaya, pima tena kati ya holda, kishikio cha rodi, na klampu ya ethi, ile inayobana chuma cha kazi. Iliyokuwa 70 kwenye temino ikiwa sifuri kwenye holda, waya umekatika, wala huhitaji elimu ya jenereta.

Kwenye nyaya ningependa tukae kidogo, maana hapa ndipo mita hudanganya watu. Fundi anachukua waya, anaupima kwa kipimo cha omu, mita inalia piiip, anasema waya mzima. Sikilizeni. Kwenye ampea 150, kiungo kinachokula volti 2 kina ukinzani wa omu 0.013 tu. Mita ya mkononi haiwezi kuiona namba hiyo. Kwake ni sifuri. Lakini volti 2 kwa ampea 150 ni wati 300 za joto, zote zimekusanyika kwenye lagi moja, kile kichwa cha waya kinachofungwa kwenye temino, au pale waya unapoingia kwenye holda. Ndiyo maana ukigusa unaungua, na ndiyo maana moto unakuwa hafifu.

Kwa hiyo waya hupimwa ukiwa unafanya kazi. Mwenzako anachomelea, wewe unaweka ncha moja ya mita kwenye temino ya mashine na nyingine kwenye shaba ya holda, upande uleule wa waya mmoja. Unachosoma ni volti zinazopotea njiani. Fanya hivyo pia kwa waya wa ethi, kutoka temino mpaka kwenye chuma chenyewe kinachochomelewa, si kwenye klampu, ili kutu na rangi iliyo chini ya klampu viingie kwenye hesabu. Ukizidi volti 2 kila upande, tafuta kiungo chenye joto.

Na unene wa waya una hesabu yake. Chukua urefu wa mita 30 kwenda na 30 kurudi, ampea 150. Shaba ya milimita za mraba 50 itakula takriban volti 3. Ya 25 itakula zaidi ya 6. Ya 16 itakula karibu 10. Tao lenyewe la kuchomelea linahitaji kama volti 26 kwenye ampea hizo, kwa hiyo waya wa 16 unakula zaidi ya theluthi moja ya kile ambacho kazi yenyewe inahitaji. Kisha kuna ile nyaya inayouzwa kama shaba na ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe, jua ukinzani wake unazidi shaba kwa zaidi ya nusu, na unapaswa kununua saizi ya juu au kuuacha dukani.

Tuseme nyaya ni nzima na kwenye temino hakuna volti, au zipo volti 2 au 3 tu. Sasa tunaigawa mashine katikati, na kisu chetu ni soketi. Weka mita kwenye volti za AC, kitasa cha ampea kikiwa juu kabisa kwa sababu kwenye mashine nyingi kitasa hicho ndicho kinacholisha rota, na pima soketi ya 230.

Soketi ikitoa 230 na temino hazina kitu, basi rota inazunguka na sumaku yake, kaboni zinafanya kazi, daraja dogo ni zima. Usiguse hata kimoja kati ya hivyo. Ugonjwa uko upande wa kuchomelea: koili nene, swichi ya kupanga ampea, daiodi kubwa, choki (koili inayotuliza mkondo), au kiungo kati yao. Soketi nayo ikiwa imekufa, na umehakikisha kikata umeme cha soketi hakijaruka, basi ugonjwa ni wa pamoja, na wa pamoja ni rota na kinachoilisha. Kipimo hiki kimoja kinakupunguzia nusu ya kazi.

Tuanze na hali ya pili, kwa sababu ndiyo inayosumbua wengi na ndiyo inayopeleka rota kwa wasukaji bila sababu.

Rota ya mashine hii ni sumaku ya umeme. Haina sumaku ya kudumu ndani. Inapata umeme wake kupitia kaboni mbili zinazokanyaga ringi mbili za shaba. Umeme huo unatoka wapi? Unatoka kwenye koili ndogo iliyo ndani ya stata hiyohiyo, unapita kwenye daraja la daiodi ili uwe DC, unapita kwenye reostati ya kitasa, yaani ukinzani unaorekebishwa, unafika kwenye kaboni, unaingia rota. Yaani mashine inajilisha yenyewe. Rota inaipa koili, koili inairudishia rota, na kila mzunguko nguvu inaongezeka mpaka volti zinajaa. Kinachoanzisha ni sumaku kidogo iliyobaki kwenye chuma cha rota tangu ilipozimwa mara ya mwisho, au betri, kwenye zile mashine zinazoisukuma rota kwa volti 12 wakati wa kuwaka. Duara hilo likikatika mahali popote, mashine nzima inalala.

Ndiyo maana soketi iliyokufa mara nyingi haisomi sifuri kamili. Inasoma volti 2, 4, au 6. Hizo ni za sumaku iliyobaki, na ni habari njema: koili za soketi zinapitisha na rota ina sumaku yake. Duara tu halifungi.

Zima injini, chomoa waya wa plagi, fungua kifuniko cha nyuma. Feni iliyo humo huzunguka mara 50 kwa sekunde; usiweke mkono hapo injini ikiwa inawaka, hata kama unajiamini vipi. Toa kaboni moja moja, weka alama ipi ilikuwa wapi na waya upi ulitoka wapi. Itazame kaboni. Imebaki nusu ya urefu wa mpya au chini ya hapo? Badilisha zote mbili. Isukume kwenye kikombe chake kwa kidole: inapaswa kuteleza na kurudi kwa springi bila kusita. Vumbi la gurudumu la kusagia chuma, likichanganyika na mvuke wa mafuta, hufanya ute mweusi unaoigandisha kaboni. Inaning'inia nusu milimita juu ya ringi, haigusi, na mashine inalala. Gharama ya ugonjwa huo ni kitambaa na dakika kumi.

Sasa ringi. Ringi nzima ina rangi ya kahawia, laini, inang'aa kidogo. Utando huo wa kahawia ni rafiki, usiukwangue. Ikiwa nyeusi yenye madoa ya kuungua, au kijani, isafishe. Kijani ni ugonjwa wa pwani. Mashine zinazokaa Tanga, Mombasa, Unguja, zinazohifadhiwa nje chini ya turubai, hupata kutu ya shaba kwa sababu ya hewa ya chumvi, hasa zikikaa miezi bila kuwashwa. Tumia msasa laini wa karatasi, namba 320 au 400, ukiizungusha rota kwa mkono. Usitumie ule msasa mweusi wa kitambaa wa kusugulia chuma. Chembe zake hukwama kwenye shaba na kula kaboni mpya kwa wiki chache. Kaboni mpya nayo ikae vizuri: zungushia ringi ukanda wa msasa laini, upande wa mchanga ukitazama kaboni, uvute mara kadhaa mpaka uso wa kaboni ufuate mviringo wa ringi, kisha puliza vumbi lote.

Kaboni zikiwa nje, pima rota. Omu kati ya ringi na ringi: namba halisi iko kwenye kitabu cha mashine, na hutofautiana sana, kutoka omu chache hadi makumi kadhaa. Isiyo na njia kabisa imekatika. Kisha ringi mpaka kwenye shafti: hapo mita isisome kitu chochote. Ikisoma, rota imegusana na mwili.

Lakini subirini. Rota inaweza kuwa nzima ikiwa imelala na kukatika ikizunguka, kwa sababu waya uliopasuka karibu na ringi hufunguka kwa nguvu ya mzunguko. Kipimo kinachoonyesha hili ndicho ninachoomba kila mmoja aondoke nacho leo. Rudisha kaboni. Chomoa nyaya zote mbili zinazotoka kwenye daraja la daiodi kwenda kwenye kaboni, ili umeme wa betri usiingie kwenye bodi au daiodi. Chukua betri ya volti 12. Kwenye waya wa chanya weka balbu ya breki ya wati 21 iwe mlinzi. Chanya ya betri iende kwenye kaboni iliyokuwa inalishwa na alama ya kujumlisha ya daraja, hasi kwenye nyingine. Injini bado imezimwa. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, rota ina shoti, ishia hapo. Ikiwaka hafifu au isipoonekana kuwaka, endelea, maana rota ya omu nyingi haiachi mkondo wa kutosha kuiwasha.

Toa balbu, weka mita ya ampea mahali pake. Gawa 12 kwa omu ulizopima. Rota ya omu 24 inapaswa kuvuta nusu ampea. Sasa rudisha waya wa plagi, washa injini na utazame ile ampea. Ikitulia palepale, rota ni nzima hata ikizunguka. Ikiruka au ikienda sifuri, tatizo ni rota au kaboni zinazorukaruka, na sasa una haki ya kumtafuta msukaji.

Ampea ikiwa imetulia, ihamishe mita kwenye soketi. Ilikuwa inasoma volti 4. Sasa inapaswa kuwa imepanda hadi makumi ya volti, kwa sababu betri inailisha rota kiasi fulani cha chakula chake cha kawaida. Pima na temino za kuchomelea, nazo ziwe zimepanda. Vikipanda vyote viwili, rota na stata vimejisemea vyenyewe kwamba ni vizima. Ugonjwa uko kwenye jiko linalopika chakula cha rota. Pima AC kwenye nyaya mbili zinazoingia kwenye daraja la daiodi, betri ikiwa bado imeunganishwa: ikiwa hakuna kitu, koili ndogo imekatika au waya wake umechomoka; ikiwa ipo, shuku daraja na reostati.

Daraja lina miguu minne. Livue nyaya zote, mita kwenye alama ya daiodi. Ncha nyekundu kwenye mguu wa AC, nyeusi kwenye alama ya kujumlisha (+): isome kati ya 0.4 na 0.7. Mguu wa pili wa AC vivyo hivyo. Nyekundu kwenye alama ya kutoa (−), nyeusi kwenye kila mguu wa AC: tena 0.4 hadi 0.7. Geuza ncha, isisome kitu mara zote nne. Ikikosea hata mara moja, litupe. Mbadala wa ampea 35 na volti 1,000 hupatikana maduka mengi ya vifaa vya elektroniki. Pakaza krimu ya kupitisha joto chini yake na ulikaze kwenye chuma tambarare, la sivyo litakufa tena.

Reostati huchakaa mahali pamoja, pale tunapopenda kuweka kitasa kila siku. Pima omu huku ukikizungusha taratibu. Namba ipande bila kuruka. Ikitoweka katikati kisha ikarudi, mkono wake umeungua hapo. Ndiyo maana kuna mashine zinazochomelea kwenye 3 na kwenye 8, lakini kwenye 5 zinalala.

Na kama vyote ni vizima, yaani mashine ilikaa muda mrefu mpaka sumaku iliyobaki ikapotea, dawa ni kuipa rota volti 12 kwa sekunde moja au mbili, nyaya za daraja zikiwa zimechomolewa, kisha kurudisha nyaya na kuwasha. Lakini kama mashine yako ina betri na inapaswa kujisukuma yenyewe, usiridhike. Tafuta ile daiodi ndogo iliyo kwenye waya kutoka betri kwenda rota, maana imekufa na mwezi ujao utarudi palepale. Kwa mashine za kizamani za komyuteta (ringi iliyogawanyika vipande, inayotoa DC bila daiodi), zile nzito zinazozunguka mara 1,550 kwa dakika, kuwa makini na chanya na hasi: ukikosea, mashine itachomelea, ila kinyume, na rodi zinazotaka chanya zitakataa.

Turudi kwenye hali ya kwanza, soketi hai na temino zilizokufa au dhaifu. Hapa hesabu moja inatosha kwa mashine ya fezi moja. Pima AC inayoingia kwenye daiodi kubwa, kisha DC inayotoka. DC inapaswa kuwa karibu asilimia 90 ya AC. Ukiingiza 80, utoe 72. Ukipata 36, nusu ya daraja haifanyi kazi. Rodi za 6013 huenda zikawaka kwa shida, lakini 7018 zitakataa kabisa kuwaka. Ukiingiza sifuri, rudi nyuma kwenye swichi ya kupanga ampea. Mikono yake huungua kwa sababu tunaizungusha huku rodi inawaka. Acheni tabia hiyo. Swichi hizi hazikutengenezwa kukata ampea mia moja.

Ile sauti ya tatu, ya injini kulemewa bila kazi, ithibitishe hivi: chomoa nyaya za AC zinazoingia kwenye daiodi kubwa, zifunge zisigusane, washa. Injini ikipumua, daiodi moja imeshika shoti. Ikiendelea kulemewa, shoti iko kwenye stata. Na unapofungua daiodi hizo, safisha mapezi ya alumini yaliyojaa vumbi la chuma, maana ndilo lililoziua.

Injini nayo ina siku zake. Mita yenye kipimo cha hezi ni tachometa ya bure: kwa mashine hii ya nguzo mbili za sumaku, hezi mara 60 ni mizunguko kwa dakika. Bila mzigo isome karibu 52, na ukichomelea ishuke isipungue sana chini ya 50. Ikianguka hadi 45, usikaze springi ya gavana, kidhibiti cha mwendo wa injini, kuficha ugonjwa. Safisha jeti kuu ya kabureta, kung'uta au badilisha chujio la hewa, weka nafasi ya plagi milimita 0.7 hadi 0.8, na pima valvu injini ikiwa baridi: ya kuingiza 0.15, ya kutoa 0.20. Kukaza gavana kunapandisha volti za soketi, na grainda ya watu inaungua.

Kuna jambo moja ambalo si hitilafu, na watu wa nyanda za juu wanahangaika nalo. Injini ya namna hii hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Arusha iko kama mita 1,400. Umepoteza karibu asilimia 16. Nairobi na Mbeya, karibu mita 1,700, asilimia 20. Mashine iliyoandikwa 190 haitatoa 190 huko. Tumia rodi ya milimita 3.2 kwa ampea 110 hadi 120, na usiiwashe grainda wakati huohuo.

Inayochomelea asubuhi na kulala saa sita mchana, ipimwe ikiwa ya moto. Usisubiri ipoe. Fanya kile kipimo cha betri palepale ilipolala. Rota inayokatika kwa joto itaonekana. Kumbuka pia kiwango chake cha kazi: asilimia 60 maana yake ni dakika 6 za kuchomelea katika kila 10, na swichi ya joto ikiikata kwa sababu umezidisha, mashine inajilinda, haiumwi. Iliyolowa mvua ikaushwe usiku kucha kwa balbu ya wati 100 ya kizamani ndani ya kava, kisha koili zipimwe kwa mega, kipimo cha ubora wa vihami, ya volti 500 dhidi ya mwili, zisipungue megaomu 1. Kabla ya mega, chomoa daiodi zote, kapasita na bodi. Volti 500 zitaziua.

Ukishatengeneza, usimkabidhi mteja kwa cheche mbili. Chomelea rodi kadhaa za 3.2 mfululizo, dakika 6, tazama hezi, zima, kisha gusa kila lagi na kila kiungo kwa nyuma ya mkono, ukianzia mbali. Palipo na joto kuliko kwingine, kaza au badilisha leo. Mwambie mteja aiwashe kila mwezi na achomelee rodi mbili tatu hata kama hana kazi, ili ringi zisiote kutu na sumaku ibaki, na kabla ya kuihifadhi muda mrefu amwage petroli yote iliyo kwenye kabureta.

Mashine hii ya mezani imelala tangu jana, na sijaifungua. Nyaya zimeshavuliwa, mita iko kwenye volti za DC. Kijana uliye karibu na kamba, tafadhali ivute, na mwingine atusomee namba kwa sauti.